Jinsi ya kupanga kasti yako ya Dune kama ingepigwa huku Nyanda za Juu Kusini

Mashabiki wa sai-fai huku Mbeya tupo wengi kuliko watu wanavyodhani, shida ni kwamba tukikutana mjadala unaishia kwenye "fulani angefaa" na "fulani hafai kabisa" alafu kila mtu anarudi kwake na jibu lake lilelile alilokuja nalo. Mwongozo huu ni wa yule anaetaka kuipanga muvi yake ya kichwani mpaka mtu mwingine aione, yaani nani anacheza nani, inapigwa wapi, inaanzia wapi na inaishia wapi, na kwanini iwe hivyo. Mfano wangu ni Dune mwanzo mwisho, kwa sababu ni stori iliyojaribiwa kwenye skrini mara nyingi na kwa njia tofauti tofauti, na kwa sababu ni stori ya maji, na sisi tunaoujua mto Ruaha tunaielewa haraka. Hatua zenyewe unaweza kuzitumia kwa mfululizo wowote unaoupenda. Angalizo moja tu, kuna siri za stori nazitoa humu, kama hutaki kuzijua iangalie kwanza alafu urudi.

Hatua ya kwanza: kata kipande

Frank Herbert, mwandishi wa Dune, alitoa kitabu cha kwanza 1965, akaendelea mpaka vikafika sita, cha mwisho 1985. Usipange vyote sita. Ukifika cha nne imeshapita miaka elfu tatu na zaidi, karibu kila mtu uliemzoea ameshakufa, sasa utakuwa unapanga kasti ya watu gani? Chukua cha kwanza peke yake. Familia ya Atreides inatolewa Caladan, sayari ya mvua na bahari, inapelekwa kusimamia Arrakis ambayo ni jangwa tupu lakini ndio sehemu pekee inapopatikana spaisi, kitu ambacho bila hicho vyombo vya anga haviwezi kusafiri kati ya nyota. Wapinzani wao Harkonnen wanavamia, baba anakufa, mama Jessica na kijana wake Paul wanakimbilia jangwani kwa wenyeji wanaoitwa Fremen, na huko Paul anageuka kuwa kitu ambacho hata yeye mwenyewe anakiogopa.

Kama Kiingereza cha kitabu kinakuchosha, someni wawili watatu, kila mmoja anachukua sura yake alafu anawasimulia wenzie kwa Kiswahili. Kusimulia kunasaidia kuliko unavyofikiri, mana ukimsimulia mtu utajikuta unabadilisha sauti kwa kila mhusika, na ile sauti inayokutoka yenyewe ndio mwanzo wa kasti yako.

Hatua ya pili: waliotangulia walifanya nini, pamoja na walioshindwa

Hii wengi wanairuka, ndio maana kasti zao zinakuwa majina tu. Kaa nayo sana.

Anza na ile ambayo haikupigwa hata sini moja. Katikati ya miaka ya 1970 dairekta Alejandro Jodorowsky alitaka kuitengeneza Dune, na kasti yake mpaka leo inasimuliwa. Mfalme wa ulimwengu alimpa mchoraji Salvador Dalí, Baron Harkonnen akampa Orson Welles, Feyd-Rautha, mtoto wa ndugu yake Baron, akampa Mick Jagger, Duke Leto, baba yake Paul, akampa David Carradine, na Paul akampa mtoto wake wa kumzaa, Brontis, ambae alifundishwa kupigana kwa miaka miwili akiwa bado mdogo. Dalí alitaka alipwe dola laki moja kwa saa, Jodorowsky akapanga kumtumia kwa dakika chache tu na sehemu nyingine zote liwepo sanamu linalofanana nae. Welles alikubali baada ya kuahidiwa kwamba mpishi wa mgahawa anaoupenda Paris atampikia kila siku. Angalia jinsi kila jina lina sababu yake: Dalí alikuwa tayari anaishi kama mfalme wa dunia yake mwenyewe, hakuhitaji kufundishwa kuigiza ufalme. Studio za Marekani ziliogopa pesa na urefu, ikafa. Lakini waliokusanywa pale hawakupotea, mwandishi Dan O'Bannon na mchoraji H.R. Giger wakaja kuonekana kwenye Alien ya 1979. Kwahiyo mtu akikwambia kupanga muvi ambayo haitapigwa ni kupoteza muda, una jibu.

Alafu ya David Lynch, 1984, dakika 137, Kyle MacLachlan ndio Paul, Sting ndio Feyd, Patrick Stewart ndio Gurney, askari wa Atreides. Ilibanwa kitabu kizima ndani ya muvi moja na unaona inavyohema, wahusika wanaongea mawazo yao kwa sauti ya ndani ili tu mtazamaji asipotee. Lilipotengenezwa toleo refu la televisheni Lynch alikataa jina lake lisiwekwe. Mwaka 2000 ikatoka ya televisheni vipande vitatu, Alec Newman ndio Paul na William Hurt ndio Leto, studio ni za kawaida ila stori ina nafasi ya kupumua. Na hizi za Denis Villeneuve, 2021 na 2024, mbili kwa nusu kitabu kila moja, zote kwa pamoja zaidi ya saa tano.

Sasa zoezi. Chagua mhusika mmoja mgumu umfuate kwenye matoleo yote. Mimi nampendekeza Alia, mdogo wake Paul. Kitabuni ni mtoto mdogo mwenye akili ya mtu mzima, na ni yeye anaemuua Baron. 1984 wakamtafuta mtoto kweli, Alicia Witt, na sini zake zinatisha lakini mtoto kubeba maneno ya mtu mzima ni mzigo mkubwa. Villeneuve yeye akamwacha tumboni kwa mama yake, anaongea na mama kutokea humohumo, na akamwonyesha mkubwa mara moja tu kwenye maono, Anya Taylor-Joy. Na kwa sababu Alia hajazaliwa, hawezi kumuua Baron, kwahiyo kisu kinaenda kwa Paul mwenyewe, na muvi nzima inabadilika mana sasa Paul ndio anamuua babu yake kwa mkono wake mwenyewe. Umeona? Umegusa mtoto mmoja, mwisho wote umehama. Daftari lako liwe na ukurasa wa mabadiliko ya namna hii, uandike "nikimgusa huyu, nani mwingine anasogea".

Hatua ya tatu: andika kazi ya mhusika kabla ya jina la muigizaji

Mashabiki wengi tunaanza na staa tunaempenda alafu tunamtafutia nafasi. Geuza. Andika sentensi moja, huyu mhusika anawafanyia nini wengine kwenye stori. Sio sura, sio urefu, sio rangi ya macho.

Kuna jioni tulikuwa kwa kinyozi pale Mafiati, Dune ya pili inaonyeshwa kwenye skrini ya ukutani, tukaanza kubishana nani angekuwa Stilgar, yule kiongozi wa Fremen. Kinyozi mashine iko kichwani kwa mteja akasema, "Dogo, Stilgar lazima awe na mwili, yule ni mtu wa jangwani, anaua."

Nikamwambia, "Kaka, wanaoua ni wengi mle. Yule mwanzo anatoa amri, mwisho anapokea amri na anafurahi."

Mteja mwenyewe, mzee wa makamo, hakuwa ameongea muda wote, akasema bila kugeuza shingo, "Basi mtafuteni mtu ambae akisema 'sawa mkuu' nyie mnaoangalia roho inawauma."

Mjadala uliishia pale mana mzee alikuwa ameitaja kazi ya Stilgar yote. Kitabuni Paul mwenyewe anaona rafiki yake akigeuka kuwa muumini na anajua amempoteza. Javier Bardem aliicheza hivyo hivyo 2024, unacheka nae mwanzoni alafu kicheko kinakukauka. Mimi kwa Kiswahili nampa Gabo Zigamba, mana Gabo ana ule utulivu wa kukufanya umwamini kabla hajafanya kitu, na mtu unaemwamini akipotea unaumia.

Fanya hivyo kwa kila mhusika mkubwa. Liet-Kynes kwa mfano, mtaalamu wa mazingira wa Arrakis, kazi yake ni kutumikia mabwana wawili, analipwa na Mfalme ila moyo wake uko kwa Fremen. Kitabuni ni mwanaume na 1984 alicheza Max von Sydow, 2021 akawa mwanamke, Sharon Duncan-Brewster, na stori haikuvunjika hata kidogo kwa sababu ile kazi ilibaki palepale. Huku kwetu mfikirie kama afisa wa maji wa serikali aliezaliwa kijiji kilekile ambacho leo ametumwa kwenda kukifungia mfereji. Hapo nampa Godliver Gordian, yule wa muvi ya Binti ya 2021, anaweza kukaa kimya kwenye sini na ukajua anabishana na nafsi yake.

Baron: kila mtu anakimbilia mtu mnene. Unene ni vazi, Stellan Skarsgård mwenyewe alivalishwa mwili wa bandia kwa masaa kadhaa. Kazi ya Baron ni kupanga mabaya kwa subira, hana haraka. Nampa Mzee Chillo, Ahmed Olotu, kwa ile sauti ya mzee wa nyumba kubwa ambae hahitaji kupiga kelele ili watu wasogee.

Na Gurney Halleck, huyu nitakaa nae kidogo mana watu wanamchukulia kama mpiganaji tu. Gurney ni askari anaepiga ala ya nyuzi na kila mahali ana ubeti wa kusema, ni mtu mwenye kovu ambae anatuliza watu kwa maneno. Sasa niambie ukisikia hivyo kichwani hakuji Mrisho Mpoto? Mghani, mtoto wa Songea, anasimama peku jukwaani na sauti yake inafanya ukumbi mzima unyamaze. Huyo hata usipompa upanga bado ni Gurney. Ukipata mhusika na mtu wanaokaa pamoja hivi usiwatenganishe hata rafiki zako wakupe sababu kumi.

Hatua ya nne: chagua mwaka na uuheshimu

Kasti ya mashabiki inaharibika pale mtu anapochanganya Kanumba na muigizaji aliezaliwa juzi kwenye sini moja. Una ruhusa ya kurudi nyuma, ila ukirudi rudi na wote. Andika juu ya ukurasa: hii ni Dune ya mwaka fulani, alafu kila mtu mchukue kwa umri aliokuwa nao mwaka huo.

Mimi ninazo mbili. Ya kwanza ni ya 2008, mwaka wa muvi ya Oprah, Steven Kanumba na Vincent Kigosi "Ray" wako juu na mtaani kila mtu ana upande. Kanumba hapo ana miaka 24, hawezi kuwa Duke Leto mwenye kijana wa miaka 15, hiyo iondoe kabisa hata kama unampenda. Mpe Paul, alafu Feyd-Rautha mpe Ray. Lile pambano la mwisho la visu mbele ya Mfalme, Paul na Feyd, linaingia ukumbini na ule ushindani ambao watu tayari walikuwa wanaubeba mioyoni, hakuna skripti inayoweza kuandika kitu kama hicho. Kanumba alifariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28, na wengine tukiipanga hii kasti tunampa nafasi ambayo hakuipata. Ifanye kwa heshima, usimwandikie vichekesho.

Ya pili ni ya sasa hivi, na huko ndiko waliko Gabo, Godliver, Mzee Chillo na Mpoto.

Kuhusu umri wa Paul usijibane sana. Kitabuni anaanza na miaka 15 lakini MacLachlan na Newman wote walikuwa wameshavuka 20 wakipiga, na Timothée Chalamet alikuwa na 23 kwenye ile ya kwanza. Sababu ni kwamba stori inapita miaka, na mtoto wa miaka 15 akisimama kuongoza jeshi watazamaji wanasita. Kinachotakiwa ni sura inayoweza kuonekana ya kitoto sini ya kwanza na isionekane hivyo sini ya mwisho. Kwa ya sasa mimi Paul simpi staa yeyote. Namtaka kijana mgeni, atoke TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, au kundi la maigizo la shule huku huku, mtazamaji asiwe na kumbukumbu nae yoyote, mana tukimjua tayari tutajua na mwisho wake.

Hatua ya tano: undugu

Hapa ndipo wajanja wanapoonekana. Dune ni stori ya damu, dini ya akina mama wa Bene Gesserit imekaa vizazi inapanga nani azae na nani, kwahiyo huwezi kupanga mtu mmoja mmoja kama unajaza timu ya mpira.

Siri kubwa ya kitabu ni kwamba Jessica ni mtoto wa Baron. Hajui mpaka Paul anapoiona kwenye maono. Maana yake Baron, Jessica na Paul lazima washee kitu, na kisiwe lazima sura, kinaweza kuwa namna ya kunyanyua kidevu au kunyamaza kabla ya kujibu, mtazamaji akikumbuka baadae anasema aah kumbe. Mpe muigizaji wa Paul kazi ya kumuangalia Mzee Chillo jinsi anavyokaa kwenye kiti.

Jessica wangu ni Monalisa, Yvonne Cherrie. Na yule Mama Mkuu wa Bene Gesserit, Gaius Helen Mohiam, anaekuja kumjaribu Paul kwa sanduku la maumivu, nampa Natasha, Susan Lewis, ambae ni mama yake Monalisa wa kumzaa kabisa. Kwenye vitabu vya baadae vilivyoandikwa na mtoto wa Herbert inakuja kujulikana Mohiam ndio mama mzazi wa Jessica. Kwahiyo sini ile ya kwanza, mwanamke mzee anamwambia mwanamke mwingine "toka nje niachie mtoto wako", na wale ni mama na binti kweli, bila kumwambia mtazamaji chochote. Mimi hiyo sini nimeiona kichwani mpaka taa naijua inatokea dirisha gani.

Angalia pia pengo la umri. Rebecca Ferguson amempita Chalamet miaka 12 tu, Francesca Annis wa 1984 alimpita MacLachlan 14. Skrini ilikubali kwa sababu ya nywele, nguo na jinsi wanavyosimama, ila ukiwa unapanga mwenyewe jipe angalau hiyo 12, chini ya hapo wataonekana kaka na dada.

Hatua ya sita: mahali

Waliopiga za kweli walihangaika. Lynch alienda Mexico. Villeneuve jangwa lake ni Wadi Rum huko Jordan pamoja na Abu Dhabi, na Caladan ni pwani ya Norway. Sisi Caladan tunayo hapa nje. Nenda Matema, pale ziwa Nyasa linapoishia kwa kaskazini, milima ya Livingstone inaingia majini moja kwa moja, asubuhi ukungu umeshuka, ile nyumba ya Atreides unaiona kabisa imekaa juu ya jabali. Sini ya Paul kuongea na baba yake pembeni ya makaburi ya ukoo ipeleke Kitulo, mita zaidi ya 2,500 juu, upepo na majani mafupi mpaka macho yanapochoka, na ukienda kati ya Desemba na Machi maua yote yapo juu. Kuanzia Juni ni baridi kali na majani yamekauka, hiyo sio Caladan tena.

Arrakis ndio kazi. Mchanga kama wa Wadi Rum huku hatuna, usijidanganye, ila Arrakis ina miamba mingi kuliko watu wanavyokumbuka na Fremen wanaishi kwenye miamba. Isimila, kilometa kama 20 kutoka Iringa mjini ukiwa unaelekea huku kwetu, zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua zimesimama juu kuliko nyumba, na chini yake yalichimbuliwa mawe waliyotumia watu wa kale sana. Ukipita katikati ya zile nguzo saa kumi jioni vivuli vinakuwa virefu na rangi inageuka nyekundu, hiyo ni sietch, nyumba ya Fremen, hujajenga kitu. Pambano la Paul na Jamis, yule Fremen anaemkataa, lipigwe pale.

Kwa tambarare za vumbi nenda Usangu, mwezi wa tisa na wa kumi. Na hapa ndio nataka toleo la kwetu liwe la kwetu kweli na sio mavazi tu. Ruaha Mkuu ulikuwa unatiririka mwaka mzima, ila tangu 1993 kila kiangazi unakauka sehemu ndani ya hifadhi, viboko wanabanana kwenye vidimbwi vya tope, na sababu inayotajwa sana ni maji kuchepushwa kwenda mashamba ya mpunga ya Usangu kule juu. Mkulima ana haki ya kula, mfugaji ana haki, mnyama ana haki, umeme nao unataka maji. Dune imeandikwa na mtu aliekuwa anafikiria hilo hilo. Basi Fremen wako wawe watu wanaojua kupima maji kwa kikombe, na mtazamaji wa Mbarali aone sini ya mtu kutema mate kama zawadi ya heshima na asicheke, aelewe.

Spaisi iwe Chunya. Watu wanatoka kila kona kuja kuchimba kwenye ardhi kavu wakiacha wenyeji wanashangaa, dhahabu ya Lupa imekuwa ikichimbwa tangu enzi za mkoloni, huna haja ya kubuni. Na kama unataka picha ya ufunguzi tumia kimondo cha Mbozi, chuma kizima kilichoshuka kutoka angani, karibu mita tatu urefu na tani zinazokadiriwa 16, weka mkono wa mtoto juu yake alafu sauti ya Irulan, binti wa Mfalme, ianze kusimulia.

Mavazi na mdudu nitapita haraka. Lile vazi la Fremen la kutunza maji ya mwili unaweza kulijaribu kwa jaketi nyeusi za bodaboda za mitumba kutoka Mwanjelwa, mirija myembamba ya plastiki na fundi cherehani mvumilivu. Mdudu mkubwa wa mchangani usimwonyeshe, weka spika ya besi chini ya ubao, mwaga mchanga juu, piga mlio mzito uone mchanga unavyoruka, chukua video kwa karibu. Inatosha kabisa.

Hatua ya saba: iwe muvi, tamthilia au sauti tu?

Amua mapema mana inaamua wangapi unawabakiza. Muvi moja ya saa mbili, utaondoa Count Fenring, rafiki wa Mfalme, na pengine Thufir Hawat, mshauri wa Duke Leto, na usione aibu, Villeneuve mwenyewe alimtumia Thufir ya kwanza ya pili hayupo, na Count Fenring hakuonekana kabisa. Tamthilia ya vipande kumi, wote wanarudi, ila sasa kila kipande kinataka mwisho wake unaomfanya mtu arudi kesho.

Mimi napenda sana toleo la sauti tu, mchezo wa redio. Dune ni kitabu cha watu wanaowaza kitu kimoja huku wanaongea kingine, na redio inaweza kubeba sauti mbili za mtu mmoja kirahisi. Simu tano, marafiki watano, chumba chenye blanketi ukutani kuzuia mwangwi, na mmoja wenu awe Irulan anaefungua kila kipande. Bando likiwa dogo faili la sauti linatumwa popote, kuanzia Tukuyu mpaka Makambako.

Hatua ya nane: posta, trela na mipaka yake

Posta tengeneza kwa Canva, video fupi kwa CapCut, simu ya kawaida inafanya. Andika kwa herufi zinazosomeka "ndoto ya mashabiki, muvi hii haipo". Hili nalisisitiza mana posta ikishatoka mkononi mwako inasafiri bila maelezo na kuna mtu ataenda kumpongeza Monalisa kwa muvi ambayo hajaisikia. Programu za kubandika sura ya mtu kwenye video ziache, mpange mtu kwa maneno na picha zake za wazi, usimuongelee kwa mdomo wake mwenyewe maneno ambayo hajasema. Kwa Kanumba zaidi, familia yake ipo na inaona.

Haki miliki nayo uielewe. Kile kitabu kikubwa cha michoro cha Jodorowsky, nakala yake moja iliuzwa mnadani Paris 2021 kwa zaidi ya euro milioni mbili na nusu, walionunua ni kundi la watu wa sarafu za mtandaoni waliokuwa na mipango ya kutengeneza vitu kutoka humo, na walikuwa wamenunua kitabu tu, haki za stori hazikuwa mle. Wewe ukipanga kasti na kuchora posta bila kuuza hakuna anaekusumbua, ukianza kukusanya kiingilio ni habari nyingine. Na siku mkiamua kupiga sini hata moja nje kwa kamera za maana, kuna Bodi ya Filamu Tanzania na vibali vyake, Kitulo ni hifadhi ya taifa, Isimila ina geti na watu wake, waulizeni kwanza kabla ya kubeba panga za mbao kuingia nazo.

Hatua ya tisa: itoe kwa watu

Usiulize "mnaonaje", utapata moto na makofi na hakuna utakachojifunza. Uliza swali moja lenye makali: "Stilgar wangu ni Gabo kwa sababu ya zile sekunde anazogeuka kuwa mtumwa, nani mwingine anaweza kuzibeba?" Mtu akileta jina bila sababu mwombe sababu kwa upole. Akileta sababu nzuri kuliko yako badilisha, andika toleo la pili na mtaje aliekubadilisha.

Villeneuve amepanga kutoa ya tatu Desemba 2026, inayotokana na kitabu cha pili cha 1969, ambacho kinaanza miaka 12 baada ya kile cha kwanza. Kwahiyo ukimaliza hii panga na hiyo kabla trela hazijakujaza sura za watu wengine kichwani. Anza na kijana wako uliemtoa TaSUBa: miaka 12 imepita, ameshakuwa mfalme, mabilioni wamekufa kwa jina lake. Je ni yeye yule yule amevalishwa ndevu, au unamtafuta mtu mwingine?